Picha haiwezi kujaa fremu bila kukatwa wala kuvutwa

Wiki hii nimeletewa tena ombi ambalo nimelisikia kwa wateja wengi kiasi kwamba nalitambua kabla msemaji hajalimaliza: picha ijae kioo chote, isikatwe popote, isiache nafasi tupu, na isivutwe. Safari hii mwombaji ni mfanyabiashara wa khanga. Msanii wake alimtengenezea tangazo la pikseli 1080 kwa 1920, likakaa barabara kwenye simu yake ya zamani, kisha akalifungua kwenye simu mpya ya binti yake na kukuta herufi za mwanzo na za mwisho za jina la duka zimeliwa. Akaniambia kwa upole kwamba programu yangu ina hitilafu, nami nikamwomba kalamu na karatasi.

Kioo cha simu ya zamani kina uwiano wa 9 kwa 16, sawasawa na tangazo lenyewe, ilhali ile mpya ina pikseli 1080 kwa 2400, yaani 9 kwa 20. Ili tangazo lifike juu na chini ya kioo kirefu namna hiyo, ni lazima likuzwe mara 1.25, na likikuzwa hivyo upana wake unakuwa pikseli 1350 mbele ya kioo chenye 1080 tu. Pikseli 270 zinabaki nje, 135 kila upande, nazo ndizo zilizobeba herufi zake. Ukikataa kukata, unabaki na pikseli 480 tupu, 240 juu na 240 chini. Ukikataa yote mawili, unaurefusha urefu peke yake kwa robo nzima, na yule mwanamitindo aliyejifunga khanga anakuwa kama mlingoti. Njia ya nne haipo, na anayekuahidi kwamba ipo hajawahi kufungua kazi yake kwenye simu mbili tofauti. Wala usidhani kwamba kusogeza maandishi mbali na kingo za pembeni kunamaliza jambo, kwa sababu kwenye tableti ya 1200 kwa 1920 tangazo lilelile likijazwa hukatwa takribani pikseli 213 za juu na chini.

Ushauri wangu, ambao wasanii wengi hawaupendi, ni kwamba maneno yasichorwe kabisa ndani ya picha. Nipeni picha isiyo na maandishi, nami niyaandike juu yake ndani ya programu, ambako yatajipanga upya kulingana na kioo. Kisha niambieni ni sehemu gani ya picha isiyoguswa. Bila kuambiwa hivyo, centerCrop ya Android, yaani amri ya kujaza fremu na kukata kinachozidi, hukata pande zote mbili sawasawa bila kujali kilichomo, wakati katika Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, naweza kuielekeza BoxFit.cover, amri inayofanya kazi ileile, ishikilie upande wa juu ili watu wasikatwe vichwa. Duka hilohilo lilikuwa limepanga bidhaa katika fremu za mraba, na picha za khanga zilikuwa 4 kwa 3, kwa hiyo robo ya upana ilikwenda na maji, nusu yake kushoto na nusu kulia, pamoja na pindo la pande hizo. Wanunuzi wakaanza kuuliza kama kinachouzwa ni khanga au kitambaa cha pazia. Nilibadilisha fremu zikawa 4 kwa 3, na maswali yakaisha.

Wapo pia wanaoamini kwamba picha ikiwa kubwa kupita kiasi haitafifia popote. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000, hata kama faili lake ni megabaiti 3 tu, ikifunguliwa huchukua baiti 4 kwa kila pikseli, yaani megabaiti 48 za kumbukumbu, ilhali fremu ya orodha yenye pikseli 400 kwa 300 ingeridhika na chini ya nusu megabaiti. Ziweke kumi kwenye simu ya bei nafuu, kisha usishangae programu ikijifunga yenyewe. Watengenezaji wenzangu nao hawajasalimika: picha ya 1080 kwa 1920 ikitupwa kwenye folda ya drawable (ile ya picha za programu ya Android) isiyo na alama ya msongamano wa pikseli wa kioo, simu ya dpi 480 (dpi ni idadi ya pikseli kwa inchi) huichukulia kuwa ya dpi 160 na kuikuza mara tatu kila upande, hivyo megabaiti 8 zinageuka kuwa karibu 75.

Kuhusu wale wanaonitumia picha upya kwa fahari kwa kuwa sasa ina “DPI 300”: nambari hiyo ni maagizo kwa mashine ya kuchapa, na simu haiisomi kabisa inapopanga pikseli.

Picha inayopendeza kwenye Android na kunenepa kwenye iPhone haithibitishi kwamba iPhone ni mbovu. Mtengenezaji hakutoa maagizo ya namna ya kuijaza picha kwenye fremu, basi Android ikatumia kawaida yake ya fitCenter, inayolinda uwiano, na iPhone ikatumia scaleToFill, inayovuta.

Mwisho, kuna wanaoniandikia “weka nembo pikseli 100 kutoka kushoto”. Pikseli 100 ni dp 100 (dp ni kipimo cha Android kisichobadilika kwa msongamano wa kioo) kwenye kioo cha dpi 160, lakini ni dp 33 tu kwenye kioo cha dpi 480, kwa hiyo nembo inayoonekana na nafasi ya kutosha kwenye simu moja itabanana na ukingo kwenye nyingine. Nipeni vipimo kwa dp, na badala ya kushoto na kulia semeni mwanzo na mwisho wa mstari, maana mnunuzi wa Muscat akifungua programu kwa Kiarabu, mpangilio mzima hugeuka, na nembo iliyofungwa kushoto hubaki peke yake upande ule.