Oda Moja Ikikosewa, Inakula Kiasi Gani?

Wauzaji wengi wa mtandaoni hapa Nairobi, oda ikikosewa, huhesabu nauli ya boda tu. Nauli inauma kwa sababu inalipwa papo hapo kwa M-Pesa. Hasara iliyobaki hukaa kimya stoo, na ndiyo kubwa.

Tuchukue kiatu cha sh. 2,500. Ulikinunua 1,700, toa 40 za kufungia na 160 za matangazo, unabaki na faida ya 600. Mteja aliagiza namba 39, akapelekewa 40. Boda ya kukirudisha 250, ya kupeleka kingine 250, mfuko mpya 40, simu 20, muda wa mfanyakazi 100. Boksi likirudi limepasuka, unapunguza bei kwa 300. Jumla 960. Faida yote imekwisha, na 360 nyingine umezichota kwenye faida ya kiatu cha mtu mwingine. Ukikosea oda 5 kati ya 100, zimekwenda 4,800, yaani faida ya oda 8 nzima.

Na hapo hatujagusa hesabu ya mali. Ilitoka namba 40, lakini daftari limepunguza 39. Sasa daftari linasema 39 zimebaki 4 wakati rafuni ziko 5, na 40 zimebaki 3 wakati ziko 2. Kesho zikija oda tatu za 40, ya tatu inalipiwa na kiatu hakipo. Mteja asiyehusika kabisa anasubiri, kisha anarudishiwa pesa, na ada ya kutuma ni yako. Kwa hiyo, ukishamwomba mteja radhi, sahihisha hesabu ya namba zote mbili kabla ya kuita boda.

Kosa lenyewe mara nyingi huzaliwa kwenye meza ya kufungia oda. Mtu alikuja dukani akajaribu jozi mbili, zikarudishwa kila moja kwenye boksi la mwenzake. Mfungaji anasoma ubavu wa boksi, "39", anafunga. Saizi isomwe kwenye soli. Oda mbili zikiwa wazi kwenye meza moja, stika zenye maelezo ya oda hubadilishana; kila oda iwe na kikapu chake, na stika ibandikwe kabla hujagusa oda inayofuata. Kisha mtu wa pili asome stika kwa sauti (aina, rangi, saizi, idadi, simu) huku mfungaji akionyesha kitu chenyewe. Aliyefunga asijikague, kwa sababu macho huona kile yanachotarajia. Piga picha kifurushi kikiwa wazi, stika ikionekana. Kwa vitu vidogo vingi, mizani ya jikoni inatosha: sabuni 12 za gramu 100 zikipungua moja, utaiona kabla ya kuhesabu.

Upande wa anwani, Githurai 44 na Githurai 45 zimetenganishwa na Thika Road, na Kahawa ziko West, Sukari na Wendani. Usikubali "Kahawa" peke yake. Andika stendi, jengo na alama ya karibu, umsomee mteja athibitishe.

Kosa likishatokea, badilishaneni mlangoni: boda anayepeleka kiatu sahihi achukue kile kingine, na hapo unaokoa 250. Mwambie akague soli kabla ya kuondoka. Kama kilichokosewa ni kitana cha sh. 120, mwachie mteja.

Ninawasihi wenye maduka wasimkate mfungaji mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inazungumzia hasara iliyotokana na kosa la makusudi, na kuchanganya saizi si makusudi. Tena anayekatwa huficha, na kosa lililofichwa haliingii kwenye hesabu.

Fungueni daftari la makosa: tarehe, kilichoagizwa, kilichopelekwa, kosa lilipoanzia, shilingi zilizokwenda. Mwisho wa mwezi jumlisha kwa chanzo, meza, stika, rafu au anwani, uanze kurekebisha kile kilichokula pesa nyingi, hata kama kimetokea mara mbili tu.