Gia kukataa si dalili ya pleti kwisha

Wenye magari ya manuali hapa Kisumu karibu wote hunijia na jibu mfukoni. "Fundi, gia haziingii, klachi pleti imekwisha." Pleti ni ile sahani inayounganisha injini na gia boksi. Wengine wameshapitia dukani na seti mpya iko kwenye buti. Nikiuliza ni nani aliyelipima gari, naambiwa ni dereva mwenzao wa steji. Nimelisikia hili hadi nimechoka, kwa sababu linawala watu pesa ambazo zingelipa karo.

Pleti iliyokwisha haizuii gia kuingia. Kazi ikiishinda, inateleza. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Utalijua hilo ukiwa umebeba mzigo unapanda Riat kuelekea Kiboswa kwa gia ya tatu au ya nne, na harufu ya kuungua ikikufuata. Gia zenyewe zinaingia laini kabisa, maana pleti nyembamba bado inaachana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ukikanyaga pedali.

Gia zikikataa injini ikiwa inanguruma, au rivasi ikikwaruza, tatizo ni kinyume chake: klachi haikati. Umekanyaga hadi chini lakini pleti haijaachiliwa, kwa hiyo shafti ya gia boksi inaendelea kuzungushwa na injini. Kwa magari yanayotumia majimaji badala ya kebo, kosa hilo mara nyingi liko nje ya gia boksi, kwenye klachi silinda ya juu iliyo nyuma ya pedali au ile ya chini inayosukuma foku, ule uma unaosukuma beringi ya klachi. Kushusha gia boksi kabla ya kuzitazama hizo mbili ni kung'oa paa kwa sababu mfereji wa jikoni unavuja.

Jipimie mwenyewe kabla hujaita mtu. Zima injini, ujaribu gia zote. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, achana na klachi, katazame kebo au fito za gia. Zikiingia injini ikizimwa na kukataa ikiwashwa, klachi haikati. Sasa washa, pampu pedali mara tano au sita upesi, ishikilie chini, kisha jaribu tena. Ikiingia baada ya kupampu, kuna hewa kwenye bomba la majimaji au sili, mpira wa ndani ya silinda unaozuia majimaji yasivuje, imechoka. Hakuna pleti iliyowahi kupona kwa kupampuliwa.

Kisha chukua tochi. Kwenye silinda ya chini kuna kampira kadogo ka kuzuia vumbi. Kavute kidogo kwa kucha. Ndani pakiwa pakavu, sawa. Pakidondosha majimaji meusi yanayoteleza vidoleni, sili imekufa. Kwa silinda ya juu, pitisha mkono chini ya dashibodi ufuate pedali hadi pale fimbo yake inapoingia ukutani. Ukigusa unyevu, au ukaona rangi imebabuka, hiyo ni breki fluidi. Inakula rangi na haifichiki. Badilisha sili au silinda nzima, toa hewa, na gari linaondoka siku hiyo hiyo.

Hata kutoa hewa kwenyewe watu hukuharakisha. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia chini, mwingine anafungua nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, majimaji yanatoka, nipeli inafungwa, ndipo pedali inaachiliwa. Ikiachiliwa mapema, hewa inavutwa tena na mnaanza upya. Endeleeni hadi mapovu yaishe, huku mkitazama kikopo cha juu kisikauke.

Ni kweli, zipo siku ambazo vidole vya presha pleti, lile bamba linaloibana pleti kwenye flaiwili, vimevunjika au foku imepinda, na klachi inakataa kukata ingawa silinda zote mbili ni nzima. Yapo pia magari ambayo silinda ya chini imefichwa ndani, imeizunguka shafti ya gia boksi, na hapo hakuna njia ila kushusha. Lakini hayo unayafikia baada ya kumaliza ya nje.

Wapo wanaoniambia kwamba majimaji yakipungua unaongeza tu. Mfumo huo umefungwa, hauli majimaji. Kwenye magari mengi madogo klachi na breki zinanywa kwenye kikopo kimoja, na breki zikilika kiwango hushuka polepole. Hilo ni la kawaida. Kikishuka wiki hadi wiki, panavuja. Na tafadhali, usimimine maji wala oili ya injini. Oili inavimbisha mipira ya ndani, na kwa kuwa kikopo ni kimoja, umeharibu breki pamoja na klachi. Kifuniko kimeandikwa aina ya breki fluidi, DOT 3 au DOT 4. Kisome, unaponunua ununue hiyo.

Kelele nazo huhukumiwa vibaya. Klachi ikilia ukikanyaga pedali, shuku beringi ya klachi. Ikilia umeiachilia, na ikanyamaza ukikanyaga, shuku beringi ya shafti ya gia boksi. Sio kila mlio ni pleti.

Kuhusu kilomita, sina la kumwambia mtu anayetaka kujua klachi hudumu kilomita ngapi. Inategemea mguu wako. Anayelizuia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya hendibreki anaichoma pleti pale pale aliposimama, na anayeendesha ameuegemeza mguu kwenye pedali anachosha beringi siku nzima. Weka mguu sakafuni. Hili nalisema kwa kila mteja na nitaendelea kulisema.

Pleti ikiwa imekwisha kweli, usikubali ibadilishwe peke yake eti kuokoa pesa. Jasho lote liko kwenye kushusha gia boksi. Presha pleti na beringi viwekwe vipya humo humo, na flaiwili itazamwe. Ikiwa na madoa ya buluu ya moto au nyufa, ipelekwe kuchongwa au ibadilishwe. Halafu muulize fundi wako kuhusu sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini. Ikivuja, oili italowesha pleti mpya na utarudi ukilalamika kwamba umeuziwa feki.

Ukitaka kupima kama klachi inateleza, vuta hendibreki sawasawa, weka gia ya tatu, achilia pedali taratibu ukiongeza mafuta kidogo. Injini ikizimika, pleti bado inashika. Ikiendelea kunguruma, klachi inateleza. Mara moja inatosha. Ukirudia rudia utaichoma wewe mwenyewe.

Na siku gia boksi ikishuka, idai pleti ya zamani uishike mkononi. Tazama riveti zake. Zikiwa zimefikiana na uso wa lining, ile ngozi ya pleti inayoshika, umebadilishiwa kwa haki. Zikiwa bado zimezama ndani, na uso hauna oili wala dalili ya kuungua, pleti hiyo ilikuwa na kazi iliyobaki, na umelipia ugonjwa usiokuwa wako.