"Sir" na utumwa: dhana potofu kuhusu maneno ya heshima ya Kiingereza

Dhana: "Sir" ni kifupisho cha "Slave I Remain"

Ujumbe huu huzunguka WhatsApp kila baada ya muda, na kila ukirudi hupata waumini wapya. Eti mkoloni aliwafundisha watu kusema "nabaki kuwa mtumwa", kisha akaficha maneno hayo ndani ya herufi tatu.

Ni uzushi mtupu. Waingereza waliwaita "sir" wapiganaji wao wenye cheo tangu karne ya 13, zamani sana kabla hawajawa na koloni huku kwetu. Neno lilitoka kwenye Kifaransa "sire", nalo likatoka kwenye Kilatini "senior", yaani mkubwa kwa umri. Ndugu zake ni "señor" la Kihispania, "signore" la Kiitaliano na nusu ya pili ya "monsieur". Kwetu lililo karibu nalo zaidi ni "mzee". Isitoshe, desturi ya kuunda neno kwa herufi za mwanzo ilishika kasi karne ya 20 tu, kwa hiyo ukiambiwa kwamba neno la kale ni kifupisho, tia shaka kwanza. Mkoloni ana madhambi ya kutosha. Hatuna haja ya kumtungia mengine.

Dhana: "Respect" ni kutazama tena, yaani kumpa mtu nafasi ya pili

Wahamasishaji hulipenda sana hili. "Respicere" kwa Kilatini ni kugeuka ukatazama nyuma, na kutokana na hapo, kumjali mtu au kuzingatia jambo. Mrumi aliyetaka kutaja heshima alikuwa na maneno mengine ya kutumia: "reverentia", "observantia", "honor". Hata katika Kiingereza, "respect" lilianza na maana ya uhusiano au kuzingatia, na maana ya heshima ikakomaa karne ya 16.

Ndiyo maana Biblia ya King James ya mwaka 1611, katika Matendo 10:34, inasema Mungu "is no respecter of persons", na wapo wanaosoma hapo kwamba Mungu hamheshimu mtu. Biblia ya Kiswahili imelisema bila utata: Mungu hana upendeleo.

Dhana: Kumwita hakimu "Your Worship" ni kumwabudu binadamu

"Worship" si la Kilatini hata kidogo. Ni Kiingereza cha kale chenyewe: "worth", thamani, pamoja na kiambishi kile kile kilichomo kwenye "friendship". Hali ya kuwa na thamani, basi.

Kwa karne nyingi lilitumika kwa watu bila mtu kushtuka. Katika Biblia ya Wycliffe ya karne ya 14, Yohana 12:26, Yesu anasema kwamba mtu akimtumikia, "my fadir schal worschip hym", Baba yangu atamheshimu. Kama neno lingekuwa na maana ya kuabudu tu, basi Mungu ndiye angekuwa anamwabudu mwanadamu! Katika ibada ya ndoa ya Kianglikana ya mwaka 1549, bwana harusi alimwambia mkewe "with my body I thee worship", kwa mwili wangu nakuheshimu, na hakuna padri aliyemshtaki kwa kuabudu sanamu. Kanisa liliendelea na maana ya kuabudu, mahakimu na mameya wa Uingereza wakabaki na ile ya zamani ya heshima. Anayekikataa cheo hicho ana haki yake, ila asisingizie asili ya neno.

Dhana: Maneno haya yote yalizaliwa moyoni

Mengine yalizaliwa ofisini na sokoni. "Honor" huko Roma lilikuwa pia jina la cheo cha serikali, na ngazi ya kupanda vyeo hivyo iliitwa "cursus honorum". "Esteem" na "estimate" yote yanatokana na "aestimare", kukadiria thamani ya kitu.

Dhana: "Thou" na "thee" yana heshima kuliko "you"

Hili limepinduka juu chini. Maneno hayo mawili ni "wewe" ya Kiingereza cha zamani. Kilatini cha akina Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, hakikuwa na "wewe" ya heshima: mtumwa na Kaisari wote waliambiwa "tu". Baadaye, enzi za mwisho za dola, wafalme wakaanza kuambiwa "vos", nyinyi, kana kwamba mtu mmoja ni umati. Mtindo huo ukapita kwenye Kifaransa ukafika Uingereza, "you" ya wingi ikawa ya wakubwa, na "thou" ikabaki ya mtoto, mtumishi, rafiki wa karibu, au mtu unayetaka kumdhalilisha. Mwaka 1603, katika kesi ya Walter Raleigh, mwendesha mashtaka Edward Coke alimfokea "I thou thee, thou traitor!" "Thou" yenyewe ilikuwa tusi.

Waquaker wa karne ya 17, Wakristo wanaojiita Marafiki, ambao leo wenzao wengi kuliko popote duniani wako Kenya, waliona kumwambia mtu mmoja "you" ni kujipendekeza. Wakamwambia kila mtu "thou", hata hakimu, na wengine walipigwa kwa sababu hiyo.

Leo "thou" inasikika tukufu kwa kuwa tunaikuta kwenye sala. Lakini wafasiri wa King James waliitumia kwa yeyote aliye mmoja, kwa kufuata umoja wa Kiebrania na Kigiriki. Fungua Mathayo 4:10: Yesu anamfukuza Shetani kwa kumwambia "Get thee hence", yaani ondoka hapa.