Kulipa Ushuru Hakukufanyi Mwenye Gari

Jumatatu asubuhi, hata chai sijanywa, simu inalia. "Ami, gari nimelilipia ushuru wote, risiti ninazo mkononi. Sasa hawa wa usajili wananidai karatasi za mwenyewe. Kwani mwenyewe si mimi?"

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Wa kwanza alikuwa na Land Rover kutoka Maskati, wa pili Peugeot 404, na huyu Volkswagen Beetle kutoka Uingereza. Ni watu watatu wasiojuana, na wote wameshika neno moja: ukishamaliza forodha, gari ni lako. Nimefanya uwakala wa forodha hapa bandari ya Malindi, Unguja, miaka mingi na neno hili nalisikia kila meli inapofunga gati. Leo naliandika, ili wa nne akipiga simu nimtumie asome.

Forodha haiulizi gari la nani. Inauliza ni gari gani, la mwaka gani, limenunuliwa kwa kiasi gani, bima na nauli ni kiasi gani, na nani anaeliingiza. Bei, bima na nauli zikijumlishwa, juu yake inapigwa asilimia 25 ya ushuru, kisha zinafuata kodi nyengine. Gari la wizi likifika bandarini litakadiriwa hivyo hivyo, na la mayatima hivyo hivyo. Ushuru ni haki ya serikali kwa kitu kilichoingia nchini. Haki ya mtu alieko ng'ambo akililia gari lake haiguswi na risiti yako.

Na kwetu hii ni milango miwili kweli kweli. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano na mkusanyaji wake ni TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Namba ya usajili inayoanza na Z inatoka upande wa Zanzibar. Mlango wa kwanza ukikuruhusu kutoa mzigo, haujautolea mlango wa pili ushahidi kwamba wewe ndie mwenyewe.

"Lakini BL ina jina langu." Nalo nalisikia kila siku. BL, yaani hati ya shehena ya meli, inamfunga mwenye meli: mzigo huu ukifika, mkabidhi fulani. Ndiyo maana wakala wa meli hakupi ruhusa mpaka aione. Lakini mwenye meli hakumuuliza aliempelekea gari kule alilipata vipi. Aliandika alichoambiwa. BL yako ina nguvu mbele ya meli, haina nguvu mbele ya mwenye mali.

Tuje kwenye karatasi za huko gari linakotoka, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Ya Uingereza ni V5C, ambayo wengi wanaiita logibuku. Watu wanainunua gari kwa kuiona hiyo tu. Basi isome. Imeandikwa juu yake yenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtu aliesajiliwa kuwa anaekaa na gari, anaelipa kodi yake ya barabara, anaetafutwa na polisi likikimbizwa ovyo. Mwenye mali anaweza kuwa mwengine kabisa: kampuni, benki, mama yake. Na karatasi yenyewe imewahi kuibiwa ikiwa tupu, kwa maelfu, zile za rangi ya buluu. Kuanzia 2010 zikatolewa mpya nyekundu. Gari likiondoka Uingereza kwa kudumu, sehemu ya kusafirisha nje inajazwa na kurejeshwa Swansea kwa wasajili wa magari wa huko, na iliyobaki inasafiri na gari. Kama imepotea, aliebaki na gari anaweza kuomba nyengine kwa fomu ya V62 na pauni 25. Pauni 25! Lakini liombwe gari likiwa bado huko. Mtu anakubali kulipa nauli ya meli, anaona uzito kumsubirisha muuzaji wiki chache apate karatasi, halafu gari linakaa hapa miezi chini ya turubali likiliwa na chumvi ya bahari.

Ya Japani ni nyepesi zaidi: tangu 2005 wana cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, na bila yake gari halitoki kihalali. Kiwe cha asili, na tafsiri yake iwe pembeni. Yaishe hayo.

Ya Oman inaitwa mulkiya, na hapa lugha yenyewe inatuponza. Sisi tukisikia mulkiya tunasikia milki, umiliki, na kweli mzizi ni mmoja. Basi anaeishika mulkiya mfukoni anajiona ndie mmiliki. Mulkiya inamtaja mtu alieandikwa na Polisi ya Kifalme ya Oman. Alieandikwa, si alieibeba.

Nitasimulia kimoja kinachonisumbua. Miaka kadhaa nyuma niliitoa Land Rover Series III. Mwenyewe alikuwa amefariki Maskati, na alieileta ni mtoto wa ndugu yake. Alikuwa na mulkiya ya marehemu, funguo, BL kwa jina lake mwenyewe, na barua ya ndugu wawili wa marehemu kwamba wamemruhusu. Kwa forodha hapakuwa na kosa hata moja. Nikaitoa. Baada ya miezi, mjane akaja ofisini na binti yake. Hakuja kugombana. Alikaa, akapewa maji, akauliza: "Mwanangu, mimi nilitia saini wapi?"

Sikuwa na cha kumwonesha. Marehemu aliacha watoto, kwa hiyo mjane, kwa mirathi ya Kiislamu, ana thumuni yake, moja ya nane, katika kila alichokiacha, na gari ni katika alivyoviacha. Watoto wana mafungu yao. Wale ndugu wawili, huku marehemu ana mtoto wa kiume hai, hawakuwa na fungu lolote la kulitolea ruhusa. Nilichukua saini za watu wasiorithi na kuziweka jalada moja na risiti za ushuru, nikaona karatasi zimetimia.

Tangu siku ile, jina la marehemu likitokea kwenye karatasi, naomba hati ya mirathi kwanza. Warithi wakiwa hapa, njia ni Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakiwa kule, ni mahakama ya kule. Lakini niseme ukweli: mpaka leo sina uhakika wakala anapaswa kuuliza mpaka wapi. Nikiuliza kila kitu, gari linaozea bandarini na mteja anahamia kwa wakala asieuliza. Nikiuliza kidogo, kuna mtu kama yule mama atakuja tena kukaa kwenye kile kiti. Siku nyengine naona nakaza mno, siku nyengine naona sikazi vya kutosha.

Sasa namba ya chesisi. Hapa naomba subira, kwa sababu karatasi zikikosekana, namba ndiyo shahidi pekee asiesahau.

Mtu anaambiwa ajaze namba ya tarakimu na herufi 17. Anatazama gari lake la 1966, anaona tisa. Basi anaongeza sifuri nane mbele. Usifanye hivyo! Utaratibu wa 17 umekuja baadaye; Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka wa mfano, yaani mwaka wa toleo la kiwanda, 1981. Gari la kabla ya hapo lina namba fupi, kila kiwanda na mtindo wake, na namba fupi ndiyo namba yake kamili. Ukiongeza sifuri umetengeneza gari lisilokuwapo duniani. Polisi wakitafuta kwenye orodha ya Interpol ya magari yaliyoibiwa hawatalipata, na hiyo si habari njema kwako, maana wametafuta kitu chengine.

Beetle ya yule bwana, kwa mfano. Namba yake ina tarakimu tisa na inaanza na 117. Volkswagen za miaka hiyo, 11 ni aina ya gari na tarakimu ya tatu ni mwaka wa mfano, yaani 1967. Lakini mwaka wa mfano kiwandani kwao Wolfsburg ulianza Agosti, baada ya likizo ya kiwanda. Gari lililotengenezwa Oktoba 1966 ni la mfano wa 1967. Invoisi yake imeandika 1966, namba inasema 67, V5C inataja tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, nayo ni 1967. Ofisa aliona miaka miwili kwenye gari moja akashuka moyo, na simlaumu. Hakuna alieongopa pale. Kilichokosekana ni barua ya nusu ukurasa ya kuyaeleza haya.

Halafu kuna kibati cha namba na kuna namba iliyogongwa. Kibati kimeshikwa kwa ribiti. Mtu akitaka anakitoa kwenye gari bovu anakipiga kwenye jengine kwa dakika kumi. Namba iliyogongwa imo ndani ya chuma. Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, juu ya mgongo wa katikati. Land Rover za zamani iko kwenye chesisi mbele, upande wa kulia, panapofungwa springi. Hiyo ndiyo nitakayoiandika, na kibati kiiafiki. Namba ya injini iandike pia, lakini injini hubadilishwa kama betri. Usiijengee nyumba juu yake.

Na kutu ikiifunika, nawaombeni, msipeleke grenda. Nimeona namba ya miaka hamsini ikifutwa kwa sekunde mbili na fundi mwenye nia njema. Brashi ya waya kwa mkono, taratibu, kisha chaki, kisha tochi kwa ubavu na picha. Ikishafutika, wataalamu wa polisi wanaweza kuiibua kwa asidi, kwa vile chuma kilichogongwa kimebanwa mpaka chini na huliwa tofauti na cha pembeni. Lakini ukifika hapo, swali si tena gari la nani. Swali ni nani aliefuta.

La mwisho ni hati ya kiapo. Watu wanaiona kama dawa: karatasi hakuna, nenda kwa kamishna wa viapo, apa, kwisha. Kiapo kinajaza pengo dogo katikati ya ushahidi mwengine, na unaapa ulichokijua mwenyewe tu. "Nilinunua kwa fulani siku fulani kwa kiasi fulani" unaweza kuapa. "Fulani alikuwa mmiliki halali" huwezi, hukuwapo alipolipata. Yule bwana wa Beetle alinunua kwa mtu alielitoa kwenye banda la jirani yake, bila kulisajili kwa jina lake. V5C bado ina jina la huyo jirani, bibi wa shamba. Pengo lake liko kati ya bibi na aliemuuzia, na yule bwana yuko Unguja. Kiapo chake hakifiki huko. Nikamwambia: barua ya bibi, sahihi yake, nakala ya kitambulisho, tarehe ya kuuza, namba ya chesisi. Karatasi moja.

Jana jioni amepiga tena, sauti imechangamka. Barua imekuja, bibi yu hai na ameandika kwa mkono wake. Nikamwambia anisomee namba. Nikahesabu naye: nane. Nimemwambia airejeshe, na safari hii amtumie bibi picha ya namba yenyewe.