Shindano la kuhesabu hatua ofisini: maswali na majibu

Siku ya watumishi wengi wa Dodoma inafanana: gari hadi Mji wa Serikali Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, kiti mpaka jioni, kisha gari tena. Kila ninapoitwa kusaidia ofisi kuanzisha shindano la hatua, maswali ndiyo haya.

Ni lazima kufikisha hatua 10,000 kwa siku?

Hapana. Namba hiyo ilitoka Japani mwaka 1965, kifaa cha kuhesabu hatua kilipoingia sokoni kwa jina la Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani ulikuta kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700. Nafuu iliongezeka hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Shirika la Afya Duniani lenyewe linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Ukitembea kwa kasi dakika kumi, umepata hatua kama 1,000. Basi mtu wa hatua 3,000 akifika 5,000, mpigieni makofi.

Timu tuzipange vipi, na mshindi apatikaneje?

Hapa ndipo mashindano mengi yanapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ofisi moja niliyoifahamu ilitangaza kwamba mwenye hatua nyingi ndiye mshindi. Mhudumu anayepeleka mafaili ghorofa hadi ghorofa aliongoza tangu siku ya kwanza, na alistahili. Lakini dereva anayeshinda garini akimsubiri kiongozi, na mama wa masijala mwenye magoti mabovu, walikuwa mkiani kila asubuhi. Wiki ya pili wakaacha kutuma namba zao. Hao ndio tuliokuwa tunawatafuta!

Pimeni ongezeko. Wiki ya kwanza kila mtu atembee kama kawaida yake, mwandike wastani wake. Kuanzia wiki ya pili, alama ni kile alichozidisha. Mhasibu akitoka 2,500 hadi 4,500 ameiletea timu alama 2,000. Mhudumu akitoka 9,000 hadi 9,500 ameleta 500. Wekeni na kikomo, tuseme 3,000, ili mtu asijiumize kwa tamaa ya ushindi. Timu ya watu watano au sita inatosha, na mchanganye idara, maana watu wa chumba kimoja huzembea pamoja. Kwenye kundi la WhatsApp tumeni jumla ya timu tu. Uzito na vipimo vya mtu ni siri yake.

Gauni langu halina mfuko. Simu itahesabuje?

Simu ina kihisi kinachosikia mtikisiko wa mwili, kwa hiyo ukiiacha mezani haihesabu kitu. Ukiwa nayo kwenye mkoba begani inahesabu, ingawa si sawasawa na mfukoni. La muhimu ni kuibeba vilevile kila siku. Na ukipanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi, mtikisiko unaweza kukuongezea hatua ambazo hukuzitembea. Zitoe mwenyewe kabla ya kutuma.

Jua la Dodoma tutalifanyaje?

Tembeeni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Mchana tumieni korido na ngazi. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, na mahali pasipo na njia ya miguu tembea ukiyaangalia magari yanayokuja. Maji kila mtu abebe ya kwake.

Nina kisukari. Nishiriki?

Shiriki, ila mwone daktari kwanza kama unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari, kwa sababu kutembea nako kunashusha. Beba kitu kitamu. Ukiona jasho la ghafla, kutetemeka au kizunguzungu, simama ule. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na jioni kagua nyayo zako, hata katikati ya vidole: ganzi inaweza kuficha kidonda. Kwa yeyote, maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni kusimama na kwenda hospitali mara moja.

Mwenzetu anatumia kiti mwendo.

Mhesabieni dakika anazojisukuma mwenyewe: kila dakika kumi ni hatua 1,000. Aingie kwenye timu tangu siku ya kupanga.

Bosi wetu ameruhusu, inatosha?

Haitoshi. Mwombeni naye aingie timu na kutuma namba zake, tena asipange kikao dakika kumi na tano zinazofuata chakula cha mchana. Kutembea baada ya kula kunazuia sukari isipande sana mwilini, na ndiyo nafasi pekee ambayo mtu wa masijala anayo.