Nywila Kuu ya Thunderbird: Inacholinda na Isichokilinda

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, dawati letu la usalama wa TEHAMA limekuwa likipokea malalamiko ya namna moja: mwananchi amegundua kuwa barua pepe zake zimesomwa kwenye kompyuta ya ofisini au ya steshenari, ilhali kwa maelezo yake programu "ilikuwa na nywila". Tunapoikagua kompyuta hiyo, mara nyingi nywila tunaikuta, lakini ni nywila ambayo kazi yake haikuwahi kuwa kuzuia barua zisisomwe.

Tuchukue Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, ambayo wengi wanaitumia kwa kuwa haina malipo. Katika mipangilio yake, sehemu ya faragha na usalama, kuna kisanduku cha kuwasha nywila kuu. Nywila hiyo huzigeuza nywila za akaunti ulizoiagiza programu izikumbuke kuwa maandishi yasiyosomeka, ili atakayeketi kwenye kiti chako asiweze kufungua orodha yake na kuzinakili. Hiyo ni kinga ya maana na tunaihimiza. Barua zilizokwisha kupakuliwa, hata hivyo, hazimo ndani yake. Programu inapouliza nywila kuu, mtu anaweza kughairi na bado akasoma kila kilichokwisha kuhifadhiwa kwenye diski. Hata asipoigusa programu, barua hizo zimo katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ndani ya folda ya mtumiaji, na hufunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Tumelieleza jambo hili mara nyingi, na inasikitisha kuona bado watu wanakuja wakisisitiza kuwa nywila "imevunjwa", wakati hakuna aliyehitaji kuivunja.

Ukiisahau nywila kuu, hakuna ofisi inayoweza kukurudishia, na ukiifuta ili kuanza upya utapoteza nywila zote zilizohifadhiwa, ingawa barua zitabaki.

Wanaotumia Outlook ya zamani, programu ya barua pepe ya Microsoft, wasijione wako salama zaidi. Faili la PST, ambamo Outlook huhifadhi barua kwenye kompyuta, hupokea nywila isiyozidi herufi 15, lakini kinga hiyo ni dhaifu na zipo programu za kuiondoa kwa muda mfupi. Faili la OST, lenye nakala ya barua zilizo kwenye seva, halipewi nywila kabisa.

Kinachofunga barua kwa kweli ni kompyuta yenyewe. Kila mtumiaji awe na akaunti yake ya Windows, isiyo na mamlaka ya msimamizi, na kila anyanyukapo abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi L. Hatua hiyo huchukua sekunde moja, na sioni sababu ya mtumishi kuiita usumbufu. Akaunti hizo, hata hivyo, hazimzuii anayeing'oa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine, jambo linalowezekana kompyuta inapoibwa au inapolala kwa fundi. Hapo ndipo diski nzima inapopaswa kufungwa kwa BitLocker, iliyomo katika matoleo ya Pro ya Windows, au kwa FileVault kwenye kompyuta za Mac. BitLocker hutoa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, ambao unapaswa kuchapishwa na kutunzwa mbali na kompyuta. Ukipotea huo na nywila ikasahaulika, diski haitafunguka.

Kuhusu adhabu, kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamtia hatiani anayeingia kwa makusudi na kinyume cha sheria katika mfumo wa kompyuta. Faini ni isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya thamani ya manufaa aliyoyapata isivyo halali, kwa kuzingatia kiasi kilicho kikubwa zaidi. Au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Au vyote viwili. Wananchi wazingatie maneno "kinyume cha sheria". Aliyempa mwenzake nywila kwa hiari ili amsaidie kutuma barua, kisha asiibadilishe kwa miezi, ataulizwa ruhusa hiyo iliishia wapi, na hatuwezi kumwahidi jinsi mahakama itakavyolitazama shauri lake. Taasisi iliyoacha taarifa za wateja wake wazi inaweza pia kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Anayeshuku kuwa barua zake zimesomwa aanze kwa kubadili nywila ya akaunti akitumia kifaa kingine, kisha atazame orodha ya vifaa vilivyoingia na kuviondoa asivyovitambua. Baada ya hapo afike kituo cha polisi, aandikishe taarifa na kupewa namba ya RB, akiwa na picha za skrini zinazoonyesha tarehe na saa. Asifute barua yoyote wala kumruhusu fundi kuisafisha kompyuta kabla mpelelezi hajaiona, na aandike mahali siku na saa aliyobadili nywila, kwa sababu rekodi zozote za kabla na baada ya saa hiyo zitasomwa kwa namna tofauti.