Je, wajua kwa nini mdudu aliyevaa lesi anahesabiwa jamaa ya kunguni?

Ukiona jani lina vidoti vyeupe kana kwamba limerushiwa chokaa, ligeuze. Huko chini huenda ukakuta vitone vyeusi vinavyong'aa kama lami, ambavyo ni kinyesi, na kando yake mdudu bapa wa milimita tatu au nne, rahisi kumdhania ganda lililobanduka. Mtazame kwa lenzi. Mabawa, mabega, hata kofia iliyofunika kichwa, vyote vimegawanyika vyumba vidogo vyenye utando mwangavu, kama kitambaa cha lesi.

Umaridadi wote huo, halafu aitwe ndugu wa kunguni? Sababu ni mdomo. Wote wawili ni wa oda ya Hemiptera, wadudu wenye mrija wa kuchoma na kufyonza. Kunguni hufyonza damu; huyu hufyonza seli za jani, na kila seli iliyokaushwa huacha kidoti cheupe. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeanzisha mtindo wa majina ya kisayansi, alimwita mmoja wao, anayeishi kwenye mbigili, Cimex cardui. Cimex ndiyo jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya kunguni wa kitandani hadi leo! Mwaka 1803 Fabricius, mtaalamu wa wadudu, aliunda jenasi ya Tingis, na hapo ndipo lilipotoka jina la familia yao, Tingidae.

Familia hiyo ina spishi zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na uchaguzi mkali wa chakula: mmea mmoja au jamaa zake wa karibu, basi. Uchaguzi huo uliwafaa watu. Mwaka 1902 mmoja wao, Teleonemia scrupulosa, alipelekwa Hawaii akapambane na magugu ya lantana.

Anayenivutia zaidi ni Gargaphia solani, mla majani ya biringanya. Mama hukaa na watoto wake, na adui akikaribia humkabili huku akipigapiga mabawa. Ila wapo majike wajanja wanaotaga mayai yao kati ya mayai ya mwenzao, wakaondoka zao. Mlezi hulea wote.

Watoto wenyewe hawana lesi. Wana miba tu, na lesi huja wakijivua ngozi mara ya mwisho. Wengine hawaipati kamwe: kikundi cha Vianaidinae wa Amerika ya Kati na Kusini, wanaoishi na sisimizi, wana mgongo wa mviringo kama mbawakawa. Baadhi ya wataalamu wamewahi kuwapa familia yao peke yao.